Shangazi, orodha yangu imefika watoto 83 na mmoja wao ameacha kuja shule

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 29 na ni mtaalamu wa tiba ya usemi. Nilisomea Makerere, Kampala, nikarudi nyumbani Mwanza nikijua kabisa nataka kufanya kazi shuleni, siyo hospitalini. Huu ni mwaka wa pili nazunguka shule tano za msingi, nne huku Ilemela na moja ng'ambo, ya kuvuka kwa boti. Anayenilipa ni shirika, kwa mkataba unaoisha Desemba. Watoto wananiita "dokta wa kuongea". Walimu wengi wananiita "yule dada wa matamshi".

Nilipoanza nilipita ofisi za walimu shule zote tano nikawaambia: mtoto yeyote mwenye shida ya kuongea, niletee. Wameleta. Leo orodha ina watoto 83. Wamo wenye kigugumizi, wamo wanaosema "kurara" badala ya "kulala", wamo wasiotoa neno kabisa, na wamo ambao nikikaa nao siwaoni na tatizo lolote la usemi, ila mwalimu ameandika "ulimi mzito, hajui kusoma". Kuna binti wa darasa la kwanza anakuja na pamba sikioni, na haniitikii mpaka nimguse bega. Chumba changu shule moja ni stoo ya vitabu iliyopakana na jiko la uji. Mvua ikipiga bati, mimi na mtoto tunaangaliana tu. Kila mtoto namtoa darasani dakika kumi na tano, na nikipiga hesabu, anayefuata zamu yake inarudi baada ya wiki tatu au nne. Nikiwa sina mtoto mkononi naambiwa, "Wewe si unafundisha watoto kuongea? Basi shika darasa la kwanza, mwalimu wao hajafika." Darasa hilo lina watoto 112.

Haya yote ningeyavumilia. Kilichonifanya niandike ni mtoto mmoja wa kiume wa darasa la tatu, ana miaka tisa, ana kigugumizi. Tuko naye mwezi wa nne. Akiwa na mimi ananisimulia habari za mitumbwi mpaka muda unaisha. Siku hiyo nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa lao, kipindi cha Kiswahili, wanasoma kwa zamu. Sentensi yake ilianza na neno "ndege". Akasimama. Midomo ikafungika, shingo ikakaza, mguu wa kulia ukaanza kugonga sakafu. "N-n-n-n…" Niliona anatafuta neno lingine la kuanzia, lakini kitabuni hakuna lingine. Mwalimu akamsubiri kidogo, kisha akasema, "Kaa chini. Nenda kwa dokta wako, ukipona utarudi kusoma." Darasa zima likacheka. Kuanzia wiki ile, siku za kusoma kwa sauti haji. Mama yake anauza dagaa Mwaloni, na ndiye aliyemkuta amejificha kwenye mitumbwi iliyopandishwa nchi kavu, na begi la shule mgongoni.

Mwalimu yule si mtu mbaya, Shangazi, na ndiyo inayoniumiza. Amefundisha miaka 24, watoto wanampenda, na kwangu mimi ni kama mama yangu. Nilipojaribu kumweleza aliniambia kwa upole, "Mwanangu, sisi kigugumizi tulikuwa tunakitoa kwa kupigwa mwiko mdomoni, na waliongea." Nyumbani nako bibi anasema mtoto alitekenywa sana alipokuwa mchanga, na anataka apelekwe kwa fundi akakatwe kimeo. Kila mtu ananiuliza swali moja: atapona lini?

Rafiki yangu wa Dar es Salaam ameniitia kazi kwenye kliniki binafsi. Mshahara ni karibu mara mbili, mtoto mmoja kwa saa nzima, chumba kina zulia. Nikiwaza kwenda naona nawakimbia hawa. Nikiwaza kubaki naanza kulia, na safari hii nimelia ndani ya daladala ya Igoma mbele za watu. Nifanye nini?

Binti wa Ziwani, Ilemela

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na pole kwa yule mtoto.

Nimefundisha miaka 31, na 19 ya mwisho nilikuwa kwenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, ukanda huu huu wa ziwa. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nitakujibu kama ningekujibu ukiwa umekuja nyumbani, na mengine hutayapenda.

Nianze na neno lako moja: "niletee". Ulipita shule tano ukaomba uletewe. Walimu wakasikia hivi: ulimi wa mtoto si kazi yangu tena, mwenye kazi hiyo amefika. Kwa hiyo mwalimu aliyemwambia mtoto "nenda kwa dokta wako, ukipona utarudi" alikuwa anafuata maelekezo yako mwenyewe. Alikosea kuyasema mbele ya darasa, na hilo nitalirudia. Lakini mlango wa kumtoa mtoto darasani uliufungua wewe, kwa nia njema kabisa. Neno ulilopaswa kusema ni "niite". Niite nije nikae nyuma ya darasa lako, nione anakwama wapi, tutafute pamoja la kufanya humo humo. Wewe uko na mtoto dakika kumi na tano kila baada ya wiki tatu. Mwalimu yuko naye saa tano kila siku. Usemi utakaobadilika ni ule anaoutumia na mwalimu na wenzake, na huo hauko stoo.

Sasa mtoto, maana yeye hasubiri.

Unayajua haya kuliko mimi, lakini mama yake na bibi yake hawayajui, na wasomaji wetu wengi pia. Karibu mtoto mmoja kati ya 20 hupita kwenye kigugumizi akiwa mdogo, mara nyingi kati ya miaka 2 na 5, na wengi kinawaacha chenyewe. Ukubwani hubaki kama mtu 1 kati ya 100, na wanaume ni wengi kuliko wanawake. Kinatembea kwenye koo: ukiuliza vizuri utasikia mjomba alikuwa nacho, au babu. Kinatokana na namna ubongo unavyopanga usemi. Hakiletwi na kutekenywa, wala kuogopeshwa, wala kuiga. Mtoto wa miaka tisa ambaye bado anacho huenda akawa nacho maisha yake yote, kikapungua, kikazidi siku za uchovu, kikapungua tena. Kwa hiyo swali la "atapona lini" usilijibu kwa tarehe. Waambie hivi: tunataka aongee bila kuogopa, asome, ajibu, abishane na wenzake, hata kama neno linakwama. Hilo linawezekana, na linaanza wiki hii.

Kimeo, mwanangu, kizuie kwa nguvu zako zote. Nenda kwa bibi mwenyewe, usitume ujumbe kwa mama. Kaa chini, kula ukikaribishwa, kisha mwambie kwamba kimeo hakishiki neno hata moja la mtoto. Kinachomsubiri kwa fundi ni damu isiyokatika, pepopunda na vidonda vya koo, na kikikatwa vibaya sauti inaweza kuanza kutokea puani, akawa na matatizo mawili badala ya moja. Bibi anayetaka mjukuu akatwe kimeo ni bibi anayempenda na hana kingine cha kufanya. Mpe cha kufanya. Mwambie jioni, wakimenya viazi vya michembe au wakipeta dagaa, amsikilize mtoto dakika kumi bila kumkatiza, bila kummalizia neno, bila kumwambia "pumua kwanza" wala "sema polepole". Macho yake yabaki usoni kwa mtoto hata neno likikwama. Bibi mwenyewe ndiye aongee polepole. Nimewahi kumpa kazi hiyo bibi mmoja wa Magu, akaifanya kwa bidii kuliko mzazi yeyote niliyemfundisha.

Halafu mwalimu. Usimfuate ofisini, ambako wenzake wanasikia na hadhi yake iko mezani. Mfuate kwake, Jumamosi. Na usiende kumweleza, maana ulishamweleza akakujibu mwiko. Nenda kumwomba. "Mwalimu, mtoto wetu haji shule siku za kusoma. Nimeshindwa peke yangu, naomba unisaidie." Ni kweli umeshindwa peke yako, kwa hiyo husemi uongo. Mwalimu wa miaka 24 akisikia mtoto haji shule kwa sababu ya kipindi chake, atashtuka. Mwache ashtuke, usijaze maneno.

Kisha mwoneshe kitu kimoja ambacho hata mimi nilipokiona mara ya kwanza sikuamini. Mtoto mwenye kigugumizi akisoma sambamba na mwenzake, neno kwa neno, sauti mbili pamoja, mara nyingi kigugumizi kinapotea pale pale. Akiimba hivyo hivyo. Ndiyo maana hukuti mtoto anayekwama kwenye wimbo wa taifa mstarini. Hii si tiba, wakitengana kinarudi, lakini inamfanya asimame mbele ya darasa na kusikia sauti yake ikitoka. Mwombe mwalimu kwamba darasa zima lisome wawili wawili kwa muhula huu. Darasa zima, nasisitiza, maana ukimpa yeye peke yake msaidizi umemtia alama usoni. Na kwa darasa lenye watoto wengi hivyo, kusoma wawili wawili kunawapa wote zamu mara mbili. Mwalimu atakushukuru kwa hilo kabla hajakushukuru kwa mengine.

Jambo jingine dogo ambalo walimu hatuliwazii ni kuita majina. Jina lako mwenyewe huwezi kulibadilisha kwa neno jingine, kwa hiyo wenye kigugumizi wengi hukwama hapo kuliko popote. Wewe umeona alivyotafuta neno la kumwokoa mbele ya "ndege" akalikosa. Kwenye "taja jina lako", au kwenye kuitikia "nipo" huku watu wanasubiri, ni vile vile kila asubuhi. Mwalimu aseme tu kwamba kwenye darasa lake wanaoitwa wananyoosha mkono. Haigharimu chochote.

Na yale maneno ya "ukipona utarudi", mwalimu atayafuta mwenyewe ukimpa nafasi. Mwachie achague namna. Mimi niliwahi kumwambia mtoto maneno kama hayo, miaka ya mwanzo, mtoto wa kike aliyekuwa na mdomo wazi uliokuwa umeshonwa na bado sauti inapitia puani. Nilimwambia asome atakapoongea vizuri. Mwaka mzima hakusoma. Nilikuja kumwomba radhi mbele ya darasa lile lile na sauti yangu ikatetemeka. Kama itakusaidia, mweleze mwalimu kwamba Shangazi naye alifanya hivyo.

Tuje kwenye orodha. Watoto 83, shule tano, boti katikati. Marekani, ambako sheria ya mwaka 1975 iliwapa watoto wenye ulemavu haki ya kusoma shule za umma, wataalamu wa usemi wamo mashuleni kwa maelfu, na tafiti za chama chao, ASHA, zimekuwa zikionesha mtaalamu wa kawaida wa shuleni ana watoto wapatao 48. Na wataalamu hao wanalalamika kwamba 48 ni wengi, na wana haki. Wewe una 83 peke yako, na huna hata mlango unaofungika. Kwa hiyo acha kujilaumu kwamba hutoshi. Hakuna anayetosha.

Ila nina hakika hao 83 si 83. Nikisoma barua yako naona wengi humo hawakupaswa kufika kwako.

Wa kwanza kuwaondoa ni hao wa "kurara". Mwanangu, wewe umezaliwa Mwanza! Kisukuma hakitenganishi "l" na "r" kama Kiswahili kinavyotenganisha. Mtoto aliyelelewa na bibi Kisesa akisema "nataka kura" ana njaa tu, hana ugonjwa. Ni hivyo hivyo kwa anayesema "samani" akimaanisha thamani, au "zahabu" badala ya dhahabu. Sauti hizo hazimo kwenye lugha yake ya kwanza, na nusu ya walimu wake nao hawazitamki. Ulimi wake mzima kabisa: mwambie ataje jina la mji wetu kama babu yake anavyolitaja, Ng'wanza, kisha mlete mtu wa Pwani ajaribu kulitamka, uone nani ana ulimi mzito. Mtoto wa hivi anahitaji mwalimu wa Kiswahili mwenye subira wakati wa imla. Tiba hahitaji.

Namna ya kumjua ni kuuliza nyumbani, na kuuliza kwa lugha ya nyumbani. Swali langu lilikuwa moja: "Ukimlinganisha na wadogo zake na watoto wa jirani, anaongea kama wao?" Mama akisema anaongea kama wenzake, Kisukuma au Kikerewe au Kijita chake kimekaa sawa, mtoe kwenye orodha kwa amani. Mama akinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyu tangu mdogo hata mimi simwelewi," huyo ni wako, shika daftari. Akina mama huwa hawakosei sana hapo. Kwa shule yako ya ng'ambo, kama hujui Kikerewe, tafuta mama mpishi wa uji akutafsirie. Na popote utakapomkuta mwalimu anawaambia wazazi waache kuongea kilugha nyumbani ili mtoto ajue Kiswahili, mkatalie kwa heshima. Lugha mbili hazimchelewishi mtoto kuongea. Kinachomchelewesha ni mzazi aliyeambiwa anyamaze lugha anayoijua, akabaki na maneno ishirini ya Kiswahili ya kumlelea mwanawe.

Wa pili ni wa masikio, nitawafikia mwishoni.

Wale walioandikwa "hajui kusoma" warudishe kwa mwalimu wa taaluma. Wengine watakuwa na tatizo la lugha kweli, na utawagundua kwa kuwapa maagizo bila kuwaonesha kwa mkono: "Chukua daftari, liweke chini ya kiti, kisha niletee penseli." Anayefuata maagizo hayo vizuri kwa lugha yake, shida yake ni kujifunza kusoma kwenye darasa la watoto 112, na hiyo ni shida ya taifa zima. Huwezi kuibeba mgongoni kwako. Kama yumo asiyesikia kabisa, usimpotezee miaka ukimlazimisha atamke. Anahitaji Lugha ya Alama ya Tanzania mapema na wenzake wa kuongea nayo. Zungumza na afisa elimu maalumu wa halmashauri apelekwe kwenye kitengo chao.

Ukimaliza kuchuja hivyo, sidhani kama watabaki zaidi ya 25. Hao wakusanye kwa vikundi vya watatu wanne wenye shida inayofanana, uwaone kila wiki, nje chini ya mti siku za jua kuliko stoo yenye kelele. Wengine uwafikie kupitia walimu wao.

Kuna njia ya kuwafikia walimu ambayo tayari ipo. Shule zetu zina vipindi vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, walimu wanakaa pamoja kujadili ufundishaji wao. Muombe mwalimu mkuu nusu saa tu kwenye kipindi kimoja, kwa kila shule. Usiende na mhadhara uliosomea Kampala. Nenda na mambo matatu ya kufanya kesho yake darasani, na mwalimu mmoja aliyeyajaribu ayasimulie kwa mdomo wake. Ukifanikiwa na yule mama wa miaka 24, yeye ndiye asimame. Walimu hawatakuamini wewe wa miaka 29 kama watakavyomwamini yeye. Pia mwambie kila mwalimu mkuu akupe mwalimu mmoja wa kushirikiana naye, kwa jina, kwa maandishi, ili hata ukiondoka awepo anayejua watoto hao ni akina nani.

Kuhusu kushika darasa la kwanza: siku moja moja, kama mwalimu amefiwa, shika, sisi ni watu. Ikiwa ni desturi, kataa, na ukatae kwa karatasi. Andika ratiba yako ya wiki, majina ya watoto na saa, ibandike ofisi ya mkuu na nakala impate afisa elimu kata. Asiye na ratiba ukutani huonekana hana kazi. Nimeliona hilo maisha yangu yote.

Dar es Salaam sasa. Sitakuambia kwamba kwenda ni usaliti. Una miaka 29, una wazazi nina hakika, na mshahara mara mbili ni ada za wadogo zako. Watoto wa kliniki za Dar es Salaam nao ni watoto. Ila umeniuliza nifanye nini, nami nasema usiondoke kabla ya Desemba. Kazi uliyoifanya mpaka sasa ni ile ya "niletee", na hiyo imekuchosha kwa haki. Kazi ya "niite" hujaijaribu hata wiki moja, kwa hiyo hujui kama unaichukia kazi ya shule au unachukia namna ulivyoianza. Jipe muhula huu mmoja. Oktoba, kabla halmashauri haijafunga hesabu zake kichwani, nenda na mwakilishi wa shirika lako kwa afisa elimu, mkiwa na majina ya watoto waliorudi kusoma, mkaulize mkataba ukiisha nani anaubeba mshahara. Mkijibiwa hakuna, nenda Dar es Salaam bila kuangalia nyuma, ukiwa umewaachia walimu watano wanaojua la kufanya. Mkijibiwa kuna, hata kidogo, basi amua na familia yako.

Na usiwe peke yako. Makerere ilianza kufundisha fani yenu mwaka 2008, na waliosoma pale wametawanyika Uganda, Kenya, Rwanda na kwetu. Tafuta wawili watatu wa mwaka wako, pangeni jioni moja kwa wiki mpigiane simu, kila mmoja alete mtoto mmoja aliyemshinda. Machozi ya kwenye daladala mengi yanatoka kwa mtu ambaye hana wa kumwambia, "Leo nimekutana na hili, wewe ungefanyaje?"

Jumatatu, kabla ya yote haya, mtafute yule kijana. Kama yuko Mwaloni mfuate Mwaloni, kaa naye kwenye mtumbwi. Usimhubirie kuhusu shule. Muulize angependa kusoma na nani, amtaje rafiki mmoja, na kama angependa mwalimu ajue nini kuhusu kigugumizi chake. Atakachokujibu ndicho utakachokwenda nacho kwa mwalimu. Akikwama kwenye jina la rafiki huyo, subiri.

Na binti wa pamba sikioni, nimemweka mwisho lakini wewe mweke mwanzo. Mtoto asiyeitika mpaka aguswe bega, na pamba sikioni, karibu hakika sikio linatoa usaha na hasikii vizuri. Hakuna zoezi la ulimi litakalomsaidia huyo. Kesho simama nyuma yake, hatua mbili, sema kwa sauti ya chini "sato", "ndoo", "mama", arudie, mkono wake mwenyewe ukiziba sikio moja kisha jingine, uandike alichosikia. Mpeleke na mzazi wake kituo cha afya na karatasi hiyo, na mwombe rufaa ya kwenda Bugando, wana kitengo cha masikio, pua na koo. Mwambie mama asitie mafuta wala maziwa wala maji ya majani sikioni, asilichokonoe, na binti asiogelee ziwani mpaka daktari aseme. Akianza homa, kichwa kikamuuma sana, au uvimbe ukatokea nyuma ya sikio, asisubiri rufaa, aende hospitali siku hiyo hiyo. Wakati mkisubiri, akae dawati la mbele, sikio lake zuri likielekea kwa mwalimu. Uliza na wengine kwenye orodha yako. Kwa uzoefu wangu wa ukanda huu, utakuta pamba nyingine.

Niandikie tena shule zikifungwa. Wabeja sana, mwanangu.